Mwalimu wa Lamu, daftari la maji ya bahari na programu za hesabu zisizolipiwa

Swali: Assalamu alaikum. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa shule ya upili hapa Lamu. Kilabu chetu cha sayansi kimesimamisha mti wenye alama za sentimita kwenye gati, na wanafunzi wanasoma kimo cha maji kila saa, kuanzia alfajiri hadi magharibi. Tumefikisha wiki tano. Ningependa waichambue data hiyo wenyewe na watabiri maji ya mwezi ujao. Jamaa mmoja amenipa kwenye flashi nakala ya MATLAB, programu ya hesabu inayouzwa, ambayo haikulipiwa, eti imeshafunguliwa. Mwingine ananiambia zipo programu za bure zinazofanya kazi ile ile. Kompyuta zetu ni za zamani na intaneti ni ya kubahatisha. Je, hizi za bure zinafaa kwa kazi ya sayansi kweli? Nianze na ipi? Na nitajuaje kwamba jibu lililotoka ni sahihi?

Jibu: Wa alaikum salaam, Mwalimu. Ndiyo, zinafaa. Anza na GNU Octave, programu ya bure ya hesabu inayofanana na MATLAB. Flashi ile usiichomeke kwenye kompyuta ya shule. Swali lako la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa sababu linaihusu programu ya bei kubwa sawasawa na ile isiyolipiwa hata senti. Hilo ndilo nitakalolikalia kwa kirefu.

Kwanza nimalize habari ya flashi. Programu iliyovunjwa kufuli imeguswa na mkono usioujua. Aliyeivunja amebadilisha sehemu fulani ndani yake, na wewe huna njia ya kujua kama aliishia kwenye kufuli au aliongeza na kirusi. Isitoshe, wanafunzi wako wakiipeleka kazi yao kwenye mashindano ya sayansi, mwamuzi ana haki ya kuuliza hesabu hizi zimefanywa na nini, na jawabu la "nakala ya wizi" litaivunjia heshima kazi yao ya wiki tano ya kusimama juani. Octave iko chini ya leseni ya GPL. Unaruhusiwa kuinakili kwenye kompyuta zote za maabara, kumpa mwanafunzi aende nayo nyumbani Shela au Matondoni, na kuufungua msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, usome kila mstari. Ukishaipakua mara moja mahali penye mtandao mzuri, flashi moja safi inawatosha wote, na baada ya hapo haihitaji intaneti tena.

Sasa kuhusu kuaminika. Watu wengi hudhani kwamba programu ya kulipia ina hesabu bora ndani yake na ile ya bure ni mwigo wake. Historia ilikwenda vingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Cleve Moler, aliyekuwa akifundisha hesabu katika Chuo Kikuu cha New Mexico, aliandika MATLAB ya kwanza ili wanafunzi wake waweze kutumia LINPACK na EISPACK bila kulazimika kuandika lugha ya programu ya Fortran. LINPACK na EISPACK ni maktaba za hesabu za matriksi, yaani majedwali ya namba, zilizoandikwa na wanasayansi wa Marekani kwa fedha za umma, na kila mtu aliweza kuzichukua. MathWorks, kampuni inayouza MATLAB, ilianzishwa baadaye, 1984. Mwaka 1992 ikatoka LAPACK, mrithi wa maktaba hizo mbili, nayo pia iko wazi kwa yeyote. Leo MATLAB yenyewe, na zile za bure, yaani Octave, Scilab, R na NumPy ya Python, zote zinapofika kwenye kazi ngumu ya matriksi huiita LAPACK au ndugu zake. Kwa hiyo moyo wa hesabu unaoutafuta ulikuwa wa wote tangu mwanzo. Unacholipia katika programu ya kampuni ni dirisha zuri, vifurushi vya kazi maalumu, nyaraka zilizopangwa vizuri na mtu wa kumpigia simu. Hivyo ni vitu halali vya kulipia, na mhandisi wa kiwanda huenda akavihitaji. Mwalimu mwenye daftari la maji havihitaji.

Octave yenyewe ilizaliwa darasani. John W. Eaton alianza kuiandika kwa nguvu zote 1992, na toleo la 1.0 likatoka Februari 1994. Ilikusudiwa kwanza iambatane na kitabu cha chuo kuhusu mitambo ya mmenyuko wa kemikali, kwa sababu wanafunzi walikuwa wakipoteza muda mwingi kusahihisha Fortran badala ya kujifunza uhandisi wa kemia. Jina lilitokana na Octave Levenspiel, profesa wa uhandisi wa kemia aliyesifika kwa kukadiria majibu haraka kwa kalamu na karatasi. Napenda kuwaeleza wanafunzi habari hii. Programu hii inabeba jina la mtu aliyekuwa akikadiria jibu kwanza, na hiyo ndiyo tabia nitakayokuomba uwafundishe.

Kwa nini Octave na si nyingine? Kwa sababu lugha yake inakaribiana sana na ya MATLAB. Mwanafunzi wako akifika chuo kikuu akaikuta MATLAB, atakuwa nyumbani. Tangu toleo la 4.0 la 2015 inakuja na dirisha lake la kuandikia na kuonyesha michoro, na kwenye mashine dhaifu unaweza kuifungua bila dirisha hilo ikaenda kwa wepesi. Scilab ya Wafaransa, iliyoanzia kwenye taasisi ya INRIA, ni nzuri pia, na ina Xcos ya kuchora mifumo kwa visanduku na mishale, jambo ambalo Octave haina. Lakini lugha yake ina tofauti zake ndogondogo, nazo humchanganya anayeanza. R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, na kwa takwimu sijaona inayoishinda. Ukifika siku ya kulinganisha samaki waliovuliwa msimu wa kaskazi na wa kusi, chukua R. Python, lugha ya programu, pamoja na vifurushi vyake vya NumPy, SciPy, pandas na Matplotlib ndiyo njia pana kuliko zote, na wanaotafuta kazi za data mjini watahitaji kuijua. Wanasayansi wa mradi wa LIGO walipopata mawimbi ya mvutano kutoka angani tarehe 14 Septemba 2015, waliiweka data hadharani pamoja na kurasa za msimbo wa Python, ili mtu yeyote duniani airudie hesabu mwenyewe. Kwa hiyo usihofu kwamba zana hizi ni za watoto. Ila Python ina mambo mengi ya kusakinisha na kuyaunganisha, na pasipo intaneti ya uhakika utautumia muhula mzima kwenye usakinishaji. Iache ije baadaye.

Twende kwenye daftari lako. Andika data kwenye faili la CSV, maandishi matupu yenye safu mbili: saa zilizopita tangu usomaji wa kwanza, na kimo cha maji kwa mita. Usiihifadhi kwenye umbo linalofunguliwa na programu moja tu. Hapa kwetu Malindi, kutoka kwenye jukwaa la kurushia roketi la San Marco mbele ya Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza kujengwa kwa ajili ya kuangalia miale ya eksi kutoka angani. Orodha yake ya nne, ya vyanzo 339 vya miale hiyo, ingali kwenye hazina ya NASA, na mwanafunzi wako anaweza kuichukua leo akaisoma kwa Octave, zaidi ya nusu karne baada ya roketi kuondoka. Vipimo vya bahari ya Lamu vinastahili uangalizi huo huo. Kila mwaka unaopita vinazidi thamani.

Kabla ya kuingiza namba hata moja, hakiki saa. Hili ndilo kosa ambalo pwani yetu ina hatari nalo kuliko pengine. Mwanafunzi mmoja anaandika "saa 1 asubuhi", mwingine anaandika 7:00, na wa tatu anaandika 1:00 akimaanisha saa moja ileile. Tofauti ni saa sita kamili. Wimbi kubwa la bahari yetu huzunguka kwa saa 12.42, nusu yake ni saa 6.21, kwa hiyo kuteleza kwa saa sita kunageuza maji kujaa kuwa maji kupwa karibu kabisa. Programu haitalalamika. Itakupa mchoro mzuri, laini, uliopinduka juu chini. Amueni mfumo mmoja, saa 24, na mmoja wenu apitie daftari zima kuhakikisha kabla ya kuandika faili.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kimo cha maji ni usawa wa wastani, kikijumlishwa na mawimbi kadhaa ambayo muda wa mzunguko wake tunaujua kutokana na mwendo wa mwezi na jua. Wanaofanya kazi hii wameyapa majina: M2 la mwezi, saa 12.4206, S2 la jua, saa 12 kamili, N2, saa 12.6583, linalotokana na mwezi kusogea karibu na mbali na dunia. Na mawili ya karibu siku nzima, K1 la saa 23.9345 na O1 la saa 25.8193. Tusichokijua ni kimo cha kila wimbi hapo gatini na saa ya kilele chake. Hayo ndiyo data itatuambia. Kwa mawimbi mawili makubwa, kazi yote katika Octave ni hii:

d = dlmread("maji.csv", ",", 1, 0);
t = d(:,1);  h = d(:,2);
w1 = 2*pi/12.4206;  w2 = 2*pi/12;
A = [1+0*t, cos(w1*t), sin(w1*t), cos(w2*t), sin(w2*t)];
x = A \ h;
M2 = hypot(x(2), x(3))
S2 = hypot(x(4), x(5))
baki = h - A*x;
plot(t, baki, ".")

Mstari wa kwanza unasoma faili na kuruka kichwa chake. Matriksi A ina safu moja kwa kila kitu tusichokijua: safu ya moja tupu kwa usawa wa wastani, kisha kosini na sini za kila wimbi. Hypot huunganisha namba mbili za wimbi moja kuwa kimo chake. Ule mkwaju uliolalia nyuma, A \ h, ndio unaobeba mzigo. Una milinganyo zaidi ya 400 na vitu vitano tu visivyojulikana, hivyo hakuna jibu linaloiridhisha milinganyo yote. Mkwaju unatafuta lile linalofanya jumla ya miraba ya makosa iwe ndogo kabisa, njia ambayo Mfaransa Legendre aliichapisha 1805 alipokuwa akishughulikia mizunguko ya nyota zenye mkia. Nyuma ya alama hiyo moja inaitwa LAPACK. Mwache mwanafunzi aifanye kwa mkono mara moja, kwa usomaji sita na wimbi moja, ili aone kinachofanyika. Asipoiona kwa mkono atabaki kuibonyeza tu.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haijali mapengo. Hamsomi usiku, na Ijumaa huenda mlikosa saa za sala ya adhuhuri. Si neno. Ungetumia njia ya Fourier ya haraka, njia nyingine ya kutenganisha mawimbi ambayo vitabu vingi huanza nayo, ingedai usomaji ulio na nafasi sawa bila kukatika, na ungeshawishika kujaza mapengo kwa namba za kubuni. Usijaze. Acha tupu. Futa kabisa mstari usio na kipimo.

Lakini kusoma mchana tu kuna gharama yake. K1 huzunguka kwa karibu siku nzima, kwa hiyo kila mchana mnaona nusu yake, na ni karibu ile ile kila siku, kwani husogea kiasi cha dakika nne tu kwa siku. Data inashindwa kuamua kama maji yalipanda kwa sababu ya K1 au kwa sababu usawa wa wastani uko juu. Octave ina amri ya kukuonya. Ongeza K1 na O1 kwenye A, kisha andika cond(A). Namba inayotoka inapima jinsi kosa dogo la usomaji linavyoweza kukuzwa kwenye jibu. Ikiwa karibu na moja, uko salama. Ikipanda sana baada ya kuongeza K1, umejua ni wimbi lipi usiloweza kulitegemea. Dawa yake haimo kwenye kompyuta: tafuta watu wazima wachache wasome usiku kadhaa, mwanzoni na mwishoni mwa mwezi.

Na urefu wa daftari? Mawimbi mawili yenye mizunguko inayokaribiana hayatenganiki mpaka yapishane mzunguko mmoja mzima. M2 na S2 huchukua siku 14.77, ndiyo maana bamvua, yaani maji makubwa, hurudi kila baada ya wiki mbili hivi. M2 na N2 huchukua siku 27.55. Wiki tano ni siku 35, kwa hiyo N2 unaweza kulitoa. Ila yapo mawimbi mengine, K2 karibu na S2 na P1 karibu na K1, ambayo yanadai nusu mwaka, kiasi cha siku 182.6. Ukiyaingiza sasa, programu itakupa namba, na namba hizo hazitakuwa na maana yoyote. Mkifika miezi sita, yaongezeni.

Sasa lile swali la tatu. Nitajuaje kwamba jibu ni sahihi? Mwalimu, usiiulize programu. Ipe mtihani ambao jibu lake unalijua. Chukua saa zile zile za daftari lenu, na mapengo yake yote, kisha tengeneza bahari ya uongo:

h2 = 1.8 + 1.0*cos(w1*t - 0.7) + 0.5*cos(w2*t - 1.9);
x2 = A \ h2;

Hypot ya x2 lazima irudishe 1.0 na 0.5, na usawa wa wastani 1.8, kwa usahihi wa tarakimu nyingi. Isiporudisha, kosa liko kwenye msimbo wenu, na mmelikuta kabla halijawaaibisha. Halafu ichafue bahari hiyo kwa makosa ya bahati nasibu ya sentimita tano, kwa amri ya randn, kama ambavyo mawimbi ya mashua yanavyomchanganya msomaji, na urudie mara nyingi. Mtaona majibu yakitawanyika kidogo kando ya ukweli. Mtawanyiko huo ndio kadirio la kosa lenu, na mwanafunzi atakayesimama mbele ya mwamuzi akasema "M2 yetu ni hii, pamoja au kutoa sentimita hizi, na hivi ndivyo tulivyojua" amefanya sayansi. Kwangu mimi zoezi hili lina thamani kuliko utabiri wenyewe.

Mtihani wa pili, fanyeni hesabu ile ile kwa programu nyingine. Sakinisha R, faili lake ni dogo kuliko la Octave, na uipe data ile ile kwa amri ya lm. Waandishi ni tofauti na msimbo wa juu ni tofauti, kwa hiyo wakikubaliana hadi tarakimu ya kumi, una sababu ya kutulia. Na hapo hapo ndani ya R kuna data iitwayo longley, ambayo kila mwalimu wa takwimu angepaswa kuijua. Mwaka 1967 Mmarekani James Longley alichukua takwimu za uchumi za miaka 16, safu sita za maelezo zinazofanana mno, akazilisha programu za kompyuta za enzi ile. Nyingi zilitoa majibu mabovu, baadhi bila hata tarakimu moja sahihi. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, baadaye iliiweka data hiyo kwenye mkusanyiko wake wa mitihani ya programu za takwimu pamoja na majibu yaliyothibitishwa. Namba ya kwanza ya jibu ni -3482258.63459582. Ndani ya R safu ya walioajiriwa, ile inayotabiriwa, imegawanywa kwa elfu, hivyo utapata -3482.2586 na kuendelea. Zilishe programu zenu mtihani huo, na lahajedwali la ofisini pia ukipenda. Programu inayoupita imekupa ushahidi. Bei iliyobandikwa kwenye sanduku haijakupa ushahidi wowote.

Mtihani wa tatu ni akili ya pwani. Kwenye bahari yetu M2 huwa karibu na mita moja kutoka usawa wa katikati hadi kileleni, na S2 kiasi cha nusu ya hapo. Wakati wa bamvua yanajumlishwa, na maji husafiri kama mita tatu kutoka kupwa hadi kujaa. Wakati wa maji mafu yanapingana, na safari hushuka hadi kama mita moja. Mkipata M2 ya sentimita 12, mtu amechanganya vipimo. Kisha tafuteni kwenye mawimbi yenu siku ambayo vilele vya M2 na S2 vinakutana, mkailinganishe na mwezi. Bahari haifiki bamvua lake kubwa siku yenyewe ya mwezi mpevu. Huchelewa, mara nyingi siku moja au mbili. Manahodha wa Lamu wanalijua hilo bila kompyuta, na hesabu yenu ikipingana na nahodha mzee kwa siku nne, mwanzieni yeye.

Mchoro wa mabaki, yaani mlichokisoma kutoa kile hesabu ilichokadiria, ule wa mwisho kwenye msimbo, uutazame kwa subira. Ukionyesha vitone vilivyotawanyika ovyo, hesabu imekwisha kazi yake. Kitone kimoja kilichoruka peke yake ni mkono ulioteleza daftarini, nenda kaangalie ukurasa. Mstari unaopinda polepole kwa siku kadhaa ni upepo na shinikizo la hewa, na kaskazi inapogeuka kuwa kusi mtauona. Mkiona mawimbi madogo ya saa sita na kidogo, msiyafute. Maji yanapopita kwenye mikondo isiyo na kina, wimbi la M2 huharibika umbo na kuzaa M4, la saa 6.21. Katika mikondo ya Lamu yenye mikoko, ningeshangaa kama halipo. Liongezeni kwenye A na mlitazame. Mti pia hakikisheni haushuki matopeni. Pigeni alama kwenye ukuta wa gati, mpime tofauti yake na mti kila wiki.

Jambo moja dogo ambalo litawashtua wanafunzi, na ni bora walione mapema. Andika 0.1 + 0.2 == 0.3 kwenye Octave. Itajibu 0, yaani si kweli. Fanya hivyo kwenye R au Python au MATLAB, jibu ni hilo hilo la kukana. Kompyuta huandika namba kwa msingi wa mbili, kwa kanuni ya IEEE 754 ya 1985, na 0.1 haina mwisho kwa msingi huo kama vile theluthi isivyo na mwisho kwa msingi wa kumi. Zinahifadhiwa tarakimu 15 au 16 tu. Kwa maji ya bahari yanayosomwa kwa sentimita hilo ni zaidi ya kutosha. Ila wafundishe wasiulize kamwe kama namba mbili ni sawa kabisa. Waulize kama tofauti yao ni ndogo kiasi cha kutojali.

Kwa utabiri, tengeneza t mpya ya saa 720 zinazofuata, jenga A yake kwa mtindo ule ule, izidishe na x. Usianze kwa kuubandika ukutani. Weka kando wiki ya tano, kokotoa x kwa wiki nne za kwanza pekee, tabiri ya tano, kisha linganisha na mlichokisoma. Mkiipatia kwa sentimita chache, ndipo muwapelekee manahodha wanaopita mkondo wa Mkanda kwenda Faza, ambako boti hungoja maji yapande ndipo ipite. Muwaulize saa walizopita mwezi huo. Hao hawatakuwa na huruma na mchoro mzuri.

Mkikwama kwenye K1, nitumie maji.csv lenu, mistari yote, na ya usiku mkiwa mmeipata. Mstari wa kwanza uandike tarehe na saa ya usomaji wa kwanza, kwa saa 24.